Je, Wajua? Rafu ya Mtini Inayokula Mbao kwa Shaba

Sogea kidogo hapo benchi, ndugu yangu, kisha geuza shingo utazame mti ulio nyuma yako. Unakiona kile kitu kilichojibandika shinani, kigumu kama ubao, umbo lake nusu sahani? Hapa Kolwezi tunakipita kila siku tukienda sokoni, na tukikitupia jicho tunadhani ni gome lililovimba. Si gome. Ni uyoga! Ni wa ukoo mmoja na bowa tunazonunua kando ya barabara mvua zikishaanza, ila huu hauivi hata ukiuchemsha kutwa.

Je, wajua kwamba uyoga si mmea? Kuta za seli zake zimejengwa kwa kaitini, kitu kilekile kilichomo kwenye ganda la mende na panzi. Mwaka 1969 mwanasayansi Mmarekani Robert Whittaker alichapisha mpango wa himaya 5 za viumbe, na kuvu wakapewa himaya yao wenyewe. Vipimo vya vinasaba vikaja kuongeza la ajabu zaidi: uyoga ni jamaa wa karibu wa wanyama kuliko wa mimea. Mwembe ni wa mbali. Wewe ndiye jirani!

Na hiyo rafu unayoiona ni tunda tu. Mwenye tunda yumo ndani ya mti, nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinatambaa gizani katikati ya mbao. Mpaka tunda litokeze nje, nyuzi hizo huenda zimeshakula humo ndani kwa miaka.

Haya, shika kitu ukae vizuri. Uyoga mmoja wa mtini uitwao Ganoderma applanatum ulihesabiwa ukamwaga spora bilioni 30 kwa siku 1! Spora ndiyo mbegu ya uyoga, ndogo kama vumbi. Gawanya kwa sekunde za mchana na usiku upate karibu 350,000 kila sekunde, nawe hapo ulipo hujamaliza hata kupiga chafya. Wanadamu wote duniani hatufiki bilioni 9.

Spora zenyewe zina ukubwa gani? Zipange kwa mstari, kichwa kwa mkia, na zaidi ya 100 zitaenea ndani ya milimita 1. Hata hivyo kila moja imevaa kuta 2, moja ndani ya nyingine. Chini ya hadubini kuta hizo mbili ndizo zinazomhakikishia mtaalamu kwamba ameshika Ganoderma na si mwingine.

Wewe huna hadubini. Usijali, una macho, una ukucha, una pua. Tuutambue hapahapa.

Kwanza piga goti utazame tumbo lake. Uyoga wa sokoni una kurasa kurasa kama kitabu. Huu wa mtini una vitundu, 4 hadi 6 katika kila milimita. Fanya hesabu: sentimita 1 ya mraba, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, ina vitundu visivyopungua 1,600! Kila kitundu ni mdomo wa bomba, na kila bomba ni njia ya kumwagia spora.

Halafu gonga mgongo wake. Ukilia kama mlango, na gamba likawa gumu la kahawia, shuku Ganoderma. Wengine wa ukoo huo hung'aa kama kabati lililotoka kupakwa vanishi leo asubuhi, na jina lenyewe linasema hivyo: limeundwa na maneno ya Kigiriki yenye maana ya ngozi ing'aayo. Aliyelitoa ni Petter Karsten wa Finland, mwaka 1881.

Sasa vunja kipande kidogo. Nyama ya kahawia iliyokolea kama kakao? Bado tuko kwa Ganoderma. Nyama ya rangi ya kutu ya bati? Hapo huenda umekutana na Phellinus, na maabara wana mtego wake: tone moja la potasi kali, na nyama inageuka nyeusi mbele ya macho yako!

Na kile kijisahani chembamba cha rangi ya chungwa na nyekundu, kinachowaka kama kaa la moto juu ya gogo lililoungua? Huyo ni Pycnoporus sanguineus, na hahitaji hadubini wala potasi. Anaishi katika nchi za joto za Afrika, Asia na Amerika, na anapenda magogo yaliyoachwa juani, yale ambayo uyoga wengi hawayawezi kwa ukavu.

Ngoja, usiinuke. Kuna kadogo keupe, kenye manyoya, kalikojipanga kwenye vijiti vikavu; ukikageuza utaona kurasa zilizopasuka katikati. Jina lake ni Schizophyllum commune, yuko kila bara isipokuwa Antaktika, na katika Kongo yetu watu wanamla, ingawa taya hufanya kazi. Jua likiwaka anakunja kurasa zake, mvua ikinyesha anazifungua. Na sisi wanadamu tuna jinsia 2. Yeye ana zaidi ya 20,000! Soma tena hiyo namba, sijakosea sufuri.

Niliposoma habari hizi sikuamini mpaka nilipojaribu mwenyewe. Uani kwetu pana mwembe mzee, na chini kabisa, kiwiko kimoja kutoka ardhini, pana Ganoderma pana kama sinia dogo. Tumbo lake jeupe kama unga wa muhogo. Jioni niliweka karatasi nyeupe chini yake, nikaikandamiza kwa jiwe. Asubuhi karatasi ilikuwa na vumbi la kahawia, laini kama kakao, limetanda sawasawa. Nilipopitisha kidole lilibaki kwenye mistari ya ngozi. Nikainua macho nikaona vumbi lilelile juu ya mgongo wa uyoga wenyewe na kwenye gome la juu yake. Limeangukia chini, likapandaje juu? Upepo mwepesi unaozunguka shina ndio uliolipandisha. Basi mwaka mzima nilikuwa nikifuta vumbi hilo kwenye ndoo nikidhani ni la barabara!

Siku hiyohiyo nilichukua njiti ya kiberiti nikaandika jina la binti yangu kwenye lile tumbo jeupe. Kila njiti ilipogusa, weupe uligeuka kahawia papo hapo, kama wino unaotoka ndani. Ukiukata uyoga huo ukaukausha, mchoro unadumu miaka na miaka. Kuna nchi ambako wachoraji huufanya turubai, wakachora humo misitu mizima.

Lakini nikuonye kidogo kuhusu majina. Ganoderma wa nchi zetu za joto wanafanana kama mapacha, na hata wataalamu hugombana juu yao. Mmoja wa waliotoa jasho jingi kuwatenganisha alikuwa Mbelgiji René Steyaert, aliyefanya kazi hapa Kongo kabla ya uhuru. Mwaka 1967 alitoa kazi nzima juu ya Ganoderma wa michikichi. Huyohuyo mwaka 1949 aliipa jina jenasi nyingine ya kuvu, Pestalotiopsis. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wakatangaza kwamba baadhi ya kuvu wa jenasi hiyo, waliotoka msitu wa Ekuado, wanaweza kula plastiki!

Sasa njoo nikupe ile iliyonifanya nisimame nikiwa nasoma.

Je, wajua kwamba uyoga huu unakula mbao kwa kutumia shaba? Ndiyo, shaba! Mbao ni ngumu kwa sababu ya lignini, gundi inayoshikamanisha nyuzi za mti, na viumbe wanaoweza kuibomoa kabisa ni wachache mno duniani. Uyoga wa mtini hutema kimeng'enya kiitwacho lakasi, na ndani ya kila molekuli ya lakasi mna atomu 4 za shaba. Zitoe hizo atomu, na kimeng'enya kinakuwa kisu kisicho na makali.

Fikiri kidogo. Malori yanatoka hapa Kolwezi usiku na mchana yamebeba shaba kwenda mbali, na pale kwenye mwembe kuna kiumbe anayeitumia shaba kama meno, bila tanuri, bila tindikali, kwa joto la kawaida la kivulini. Wafua shaba wa zamani wa nchi hii, Wayeke wa Bunkeya wakiwamo, waliandikwa vitabuni kwa jina la wala shaba. Hao walimaliza msitu wa makala kwa kila msimu wa kuyeyusha. Uyoga unahitaji chembe tu.

Lakasi iligunduliwa wapi? Japani, mwaka 1883, na Hikorokuro Yoshida, ndani ya utomvu wa mti unaotengeneza vanishi. Vanishi tena! Utomvu huo hukauka ukang'aa kwa sababu ya kimeng'enya hicho hicho cha shaba.

Na haijaisha. Ganoderma ana kimeng'enya kingine cha kubomolea lignini, nacho kinafanya kazi kwa manganisi. Manganisi inapatikana wapi katika mkoa wetu wa Lualaba? Kisenge, kule upande wa Dilolo! Shaba ya Kolwezi, manganisi ya Kisenge: uyoga umeshika madini ya mkoa mzima na haujaomba kibali.

Ukitaka kuona kazi ya meno hayo, vunja mbao iliyooza. Ikiwa nyeupe, laini, inachanika nyuzi nyuzi, walioila wamemaliza lignini. Ikiwa ya kahawia na imekatika vipande vya mraba kama chokoleti, walioila wamekula selulosi wakaacha lignini. Ganoderma ni wa kundi la kwanza, na sasa unaweza kumtambua hata kama tunda lake limeshaanguka. Mwuza makala mzoefu anazijua mbao hizo kwa kuzipima mkononi tu: ni nyepesi, hazina kitu, hazitoi makala ya maana.

Ujuzi wa kula lignini ulianza lini? Mwaka 2012 wanasayansi walilinganisha vinasaba vya kuvu 31 wakakadiria kwamba ulianza karibu miaka milioni 290 iliyopita. Dinosaria hawajazaliwa bado!

Ajabu ya shaba ni kwamba inalisha na inaua. Mwaka 1885 Mfaransa Pierre Millardet alitangaza dawa ya shaba na chokaa ya kuokoa mizabibu isiliwe na kuvu, na wakulima wanainyunyiza mpaka leo. Mwaka 1933, India, Sonti Kamesam akabuni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki wa kulowekea mbao. Ndio uliozipa nguzo nyingi za umeme ile rangi ya kijanikijani. Uyoga ukisharamba nguzo hiyo, unakufa.

Ila si wote! Wapo kuvu wanaotema asidi ya oksaliki, ikashikana na shaba ya dawa na kuigeuza fuwele zisizoyeyuka, zisizodhuru. Wakishaifunga shaba hivyo, wanaendelea na chakula chao.

Kwa bahati nzuri ule waya mkubwa unaotuletea umeme kutoka Inga haujasimama juu ya mbao. Una urefu wa kilomita 1,700 hivi, ulianza kazi mwaka 1982, ukawa mrefu kuliko yote duniani wakati huo, na minara yake ni chuma mpaka unapofika hapa kwetu Kolwezi. Chuma hakina lignini.

Na migodini? Alexander von Humboldt, yule Mjerumani msafiri, kabla hajaenda Amerika alikuwa mkaguzi wa migodi. Mwaka 1793 alichapisha kitabu kizima juu ya kuvu na viumbe wengine wanaoota gizani ndani ya mashimo ya Freiberg, wengi wao kwenye magogo yanayozuia udongo usianguke. Mchimbaji mwenzangu, ukiona rafu imeota kwenye gogo linalokushikia paa la shimo, hilo gogo limeshaliwa ndani. Toka kwanza, ushangae ukiwa nje. Hili nakuambia kwa moyo wote.

Je, wajua kwamba uyoga wa mtini unajua chini ni wapi? Vitundu vyake lazima vitazame ardhini ili spora zidondoke. Mti ukianguka, uyoga uliokuwa umelala sawa unajikuta umesimama wima. Basi unaanza tabaka jipya lililogeuka, vitundu chini tena. Ukikuta gogo msituni lenye rafu zilizopinda namna hiyo, unajua mti uliumwa kabla ya kuanguka, si baada ya hapo. Ukilipasua lile tunda utaona mabomba yamepangana tabaka juu ya tabaka, msimu baada ya msimu.

Umechoka? Bado sokwe! Katika milima ya Virunga, masokwe wa mlimani wanaupenda Ganoderma kama watoto wanavyopenda peremende. Dian Fossey, aliyeanza kazi upande wetu wa Kongo, Kabara, mwaka 1967, aliandika kwamba wadogo wasioweza kuubandua hukumbatia shina kwa mikono na miguu wakaguguna papo hapo mtini. Wakubwa wanaofaulu kuubandua huubeba mbali, wakiulinda wasinyang'anywe na wenye nguvu zaidi.

Wapo wanaoula bila kuubandua kabisa. Kuna mbawakavu wa ukoo wa Ciidae, wengi wao milimita 1 hadi 3, spishi zaidi ya 600, na karibu wote nyumba yao, chakula chao na kitanda chao ni uyoga wa mtini. Ukiona rafu imetobolewa vijishimo kama ya risasi ndogo, bisha hodi.

Usiukasirikie uyoga kwa kutoboa mti, hasa kama unapenda asali. Mara nyingi unakula moyo wa mti, sehemu ambayo haipandishi maji tena, na mti unaendelea kusimama na kutoa majani. Uwazi unaobaki ndimo nyuki wanamoingia. Hondohondo jike naye huingia humo, akaziba mlango kwa tope akabakiza ufa wa kupokelea chakula, akalea makinda. Asali nyingi ya pori la miombo ilianza na uyoga usiosifiwa na mtu!

Na neno miombo, unajua limetoka wapi? Ni Kibemba, wingi wa muombo, jina la mti. Watanzania wanalisema, vitabu vya Wazungu vinalisema, na mizizi yake iko hapa kwa majirani zetu.

Kwa kuwa tumetaja majirani: mwaka 1980 wataalamu waliutangaza kutoka Zambia uyoga wenye kofia inayofika mita 1 kwa upana, Termitomyces titanicus. Huo hauoti mtini. Mchwa ndio wanaoulima ndani ya kichuguu. Na kichuguu kimoja cha Katanga, karibu na Lubumbashi, kilipimwa umri kikakutwa na zaidi ya miaka 2,000! Mchwa wa nasaba hiyo wapewe heshima yao.

Ukubwa wa rafu za mtini nao usikupite. Kisiwani Hainan, China, mwaka 2010 iligunduliwa moja chini ya gogo lililoanguka: urefu mita 10.85, uzito kati ya kilo 400 na 500, umri miaka 20 hivi. Hiyo ni ndefu kuliko nyumba nyingi za mtaa wetu!

Na ukongwe wa urafiki wetu nazo? Tarehe 19 Septemba 1991, kwenye barafu ya milima ya Alps, ulipatikana mwili wa mtu aliyekufa miaka 5,300 hivi iliyopita. Katika vitu vyake mlikuwa na uyoga wa mtini wa aina 2: mmoja wa kuwashia moto, mwingine vipande viwili vimetungwa kwenye ukanda wa ngozi. Sisi tunabeba simu, yeye alibeba uyoga.

La mvua nimekuwekea karibu na mwisho kwa sababu mawingu yanajikusanya kule. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba matone ya maji hujijenga juu ya spora za uyoga zinazoelea, na inakadiriwa kuwa tani milioni 50 za spora hupanda hewani kila mwaka. Huenda tone litakaloangukia pua yako mwezi wa 11 limezaliwa juu ya vumbi la mti fulani.

Leo usiku, kabla hujalala, nenda kwenye mti wako wenye rafu. Chagua saa ambayo hakuna upepo, zima taa ya uani, weka tochi ubavuni mwa shina imulike pembeni, si juu. Subiri macho yazoee giza. Chini ya ule uyoga utaona moshi wa kahawia unashuka polepole, unajikunja, unapanda tena na gome, na hakuna moto popote. Tochi yako ina betri?